Nilinuna Bure

Mimi ni fundi baiskeli. Mwaka 2012 kijana wangu, aliyekuwa masomoni Marekani, aliniandikia kwamba baiskeli fulani za milimani za Ujerumani haziuzwi huko. Nikasema mara moja: “Choyo tu!”

Alinieleza sababu mojawapo. Horst Leitner, Mwaustria, alibuni kiungo kidogo karibu na ekseli ya nyuma, ili springi ifanye kazi vizuri hata mtu akifunga breki. Mwaka 1998 kampuni ya Specialized ilinunua hataza zake, yaani hati za kumlinda mvumbuzi asiigwe bila ruhusa. Hataza ya Marekani haina nguvu Ujerumani. Huko walikitumia kiungo hicho bila shida. Lakini Marekani, hakuna ruhusa, hakuna kuuza.

Nikaona haya. Fundi mwenzangu alikuwa amenikataza kuiga keria aliyoibuni kwa jasho lake, nami nikamnunia mwaka mzima. Jioni ile nilikwenda kumwomba radhi.

Hataza ina mwisho: ile ya kiungo iliisha 2013, na Canyon ya Koblenz ikaanza kuuza Marekani 2017. Chuki je? Haina mwisho usipoikata mwenyewe. Nawe msomaji, uliyemnunia umemwuliza sababu yake?