Dripu, PubMed na "mbona kwangu inafanya kazi?"

Nimekuwa kimya siku kadhaa, kazi zilizidi, na hapa Voi umeme nao una mambo yake. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha ya programu. Nataka tuzungumze namna ya kutafuta utafiti wa tiba kwenye mtandao, na zaidi ya hapo, namna ya kuupima ukishaupata. Mimi si daktari. Nimesomea sayansi ya kompyuta na riziki yangu ni programu za kuweka hesabu za maduka ya dawa. Lakini kila nikisoma madaktari wakibishana kuhusu ushahidi, nasikia ugomvi ninaoujua vizuri kutoka kazini kwangu.

Aliyewahi kuandika programu anaujua. Mteja anapiga simu, programu imekwama. Unaifungua kwenye kompyuta yako, inakwenda bila shida. Unamjibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Jibu ni la kweli kabisa na halimsaidii mtu. Kwako kuna intaneti ya kasi, mashine mpya na data safi. Yeye yuko Mwatate na kompyuta ya mkono wa pili, virusi vitatu na modemu inayokatika kila lori likipita.

Basi, shikeni hilo kichwani, twende hospitalini.

Mtoto ameletwa na homa kali. Mikono na miguu ni ya baridi, moyo unakwenda mbio, amelegea. Damu haizunguki inavyotakiwa. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto wa namna hii apewe maji mengi ya dripu, tena haraka. Hata kwa sisi wasiokuwa wataalamu inaingia akilini: mfereji umekauka, jaza maji.

Ukifuata ushauri huo kurudi nyuma hadi ulikotoka, moja ya makala unazokutana nazo ni ya Joseph Carcillo na wenzake, iliyochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 1991. Walifuatilia watoto waliozidiwa na maambukizi katika hospitali moja ya Washington, Marekani. Watoto walikuwa 34. Waliopata maji mengi zaidi, zaidi ya mililita 40 kwa kila kilo ya uzito katika saa ya kwanza, walikuwa 9, na kati yao 8 walipona. Katika makundi mawili mengine walipona 10 kati ya 25.

Ukisikia hivyo bila kuona hesabu, unavutiwa. Ukiona hesabu, unaanza kujikuna kichwa. Watoto 9! Mimi siwezi kumpa mteja programu iliyojaribiwa na watu tisa. Wawili tu wangefariki zaidi, habari ingekuwa nyingine. Pili, hakuna aliyepiga kura nani apewe maji mengi na nani machache, madaktari waliamua wenyewe kitandani, kwa hiyo huwezi kujua kama yaliyowaokoa ni maji au ni jambo jingine lililowatofautisha na wenzao. Tatu, na hili ndilo langu, watoto hao walikuwa katika hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Simlaumu Carcillo hata kidogo. Alichapisha alichokiona, na idadi aliiweka wazi. Shida ni sisi wengine tuliochukua matokeo ya Washington tukayaweka kwenye wodi za huku kama vile mashine ni moja.

Mwaka 2011 likaja jibu, na lilitoka kwetu. Utafiti unaitwa FEAST, uliongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, ukachapishwa katika New England Journal of Medicine. Kilifi si mbali, ni kama kilomita 200 tu kutoka hapa Voi ukipitia Mombasa. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi kwa Kenya, Teule kule Muheza kwa Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto wenye homa kali ambao damu yao haizunguki vizuri waligawanywa kwa kura makundi matatu. La kwanza lilipewa maji ya haraka yenye albumini, la pili maji ya chumvi ya haraka, la tatu halikupewa maji ya haraka, ila yale ya kawaida ya polepole. Matibabu mengine yalikuwa yale yale kwa wote.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikiangalia data ikashauri uandikishaji usimame. Walikuwa wameshaandikishwa watoto 3,141 kati ya 3,600 waliokusudiwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya kundi la albumini, asilimia 10.5 ya kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka.

Soma tena. Wale walioachwa bila "tiba" ndio waliopona zaidi.

Hapa naomba tusimame kidogo kwenye namba, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Mwandishi mmoja wa habari anaweza kuandika kwamba maji ya haraka yaliongeza hatari ya kufa kwa asilimia 45. Mwingine ataandika kwamba yaliongeza vifo vitatu katika kila watoto mia. Wote wawili wamesema kweli. Ya kwanza ni 10.5 ukiilinganisha na 7.3 kwa kugawanya, ya pili ni kwa kutoa. Mimi ushauri wangu ni uitafute ile ya kutoa kwanza. Karibu mtoto mmoja zaidi kwa kila thelathini. Mtu anayekuuzia kitu atakupa ile ya kugawanya kila mara, maana inaonekana kubwa.

Halafu angalia walioachwa nje ya utafiti. FEAST haikuchukua watoto wenye utapiamlo mkali wala wale wanaoharisha na kutapika. Kwa hiyo tafadhali, mtu asitoke hapa akisema nimeandika maji ni sumu. Mtoto wa kuhara aliyekaukiwa anahitaji maji, huo ni ugonjwa mwingine na una ushahidi wake. Kusoma utafiti ni pamoja na kujua haukuongea kuhusu nani.

Kilichonifurahisha, kama kufurahi ni neno la kutumia kwenye jambo kama hili, ni mabishano yaliyofuata. Wako wataalamu wa nchi tajiri waliosema: hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia, watoto wengi walikuwa na malaria na upungufu wa damu, matokeo haya hayatuhusu. Mbona kwetu inafanya kazi? Na huenda ni kweli hayawahusu! Lakini kama ya Kilifi hayaendi Washington, basi na ya Washington yalipokuja Kilifi hakuna aliyeuliza swali hilo.

Sasa tuingie kwenye kutafuta. PubMed ni ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, iko wazi kwa kila mtu tangu 1997, na ina rekodi zaidi ya milioni 35. Ukiandika sentensi kama unavyoongea na Google, utapata makapi. Kwanza livunje swali lako: mgonjwa ni nani, anapewa nini, kinalinganishwa na nini, unataka kujua matokeo gani. Kisha andika maneno machache ya Kiingereza, uyaunganishe na AND na OR kwa herufi kubwa, kama tunavyofanya kwenye hifadhidata. Mfano: fluid AND shock AND children AND (Kenya OR Uganda OR Tanzania). Pembeni kuna vichujio. Bofya kile cha majaribio ya kura, utaona orodha inavyokonda. Kingine kinakuonyesha makala unazoweza kusoma zote bila kulipa, na FEAST ni mojawapo. Nyuma ya pazia PubMed ina orodha yake ya maneno rasmi inayoitwa MeSH, ambayo ilianza mwaka 1960. Rekodi nyingi hubandikwa maneno hayo, hivyo ukikosa unachotaka, fungua makala moja iliyo karibu, uangalie imebandikwa maneno gani, uyatumie hayo.

Nilijaribu na kwetu. Ukiandika "Taita Taveta" unapata vitu vichache. Ukiandika "Taveta" peke yake, wazee wanafufuka. Kati ya 1954 na 1959 kulikuwa na mradi wa malaria wa Pare na Taveta, nyumba za pande zote mbili za mpaka zikipuliziwa dawa ya dieldrin. Malaria ilishuka sana na vifo vya watoto vikapungua. Upuliziaji ulipokoma malaria ilirudi polepole, ila vifo havikurudi kuwa kama zamani. Mambo haya G. Pringle aliyaandika mwaka 1969. Kumbuka tu kwamba rekodi nyingi za kabla ya 1975 hazina muhtasari, na majina yamebadilika: tafuta Tanganyika, na Taita nayo jaribu "Teita", Waingereza walivyoiandika.

Mradi ule ulikuwa nyumbani kwetu kabisa, lakini kwa sehemu kubwa ni habari ya kabla na baada. Hakuna kura, na miaka ile ile mambo mengine mengi ya maisha yalikuwa yakibadilika. Ndivyo ilivyo mara nyingi: ushahidi wa karibu ni dhaifu, ulio imara uko mbali. FEAST ina thamani kwa sababu ina vyote viwili.

Dada yangu ni afisa wa kliniki katika kituo kimoja cha kaunti hii. (Kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, na yeye amechoka kuwasahihisha watu.) Aliniomba nimtengenezee programu ya simu, umuulize swali ikujibu. Nikamwambia naweza kutengeneza ya kutafuta, ya kujibu sitaki.

"Wewe unakaa na laptopu yako," akaniambia. "Mimi saa nane za usiku nina mama watatu kwenye benchi. Nisome makala ya kurasa kumi na tatu saa ngapi?"

"Kwa hiyo huwa unafanya nini, dada?"

"Nafungua kitabu cha wizara."

Na hapo ana haki. Kenya ina kijitabu cha miongozo ya matibabu ya watoto tangu 2005, kimerudiwa mara kadhaa, na kimeandaliwa ili mtu wa saa nane za usiku asilazimike kusoma makala. Lakini kitabu nacho kina tarehe. FEAST ilitoka 2011. Kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani cha 2013 kilibaki na ushauri wa maji ya haraka. Mwaka 2014 Sarah Kiguli wa Makerere na wenzake waliandika katika jarida la BMJ kulalamika kwamba data ya FEAST imeachwa nje. Mwongozo mpya wa shirika hilo kuhusu watoto mahututi ukaja 2016. Miaka mitano. Mtu aliyekuwa na simu na PubMed mwaka 2011 angeweza kuisoma makala yenyewe, bure, akiwa Wundanyi.

Na zile programu za akili bandia zinazojibu kila kitu? Zinaandika vizuri, lakini zinaweza kukupa jina la makala isiyokuwepo, na waandishi, na mwaka, bila kupepesa jicho. Ichukue namba ya PubMed au ya DOI uliyopewa uifungue mwenyewe. Ikifunguka, angalia kama haina tangazo la kuondolewa. Hata majarida makubwa yanaingizwa mjini: Juni 2020 Lancet iliondoa makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine na korona, siku chache tu baada ya kuichapisha, data ya kampuni ya Surgisphere ilipokosa wa kuithibitisha.

Basi nimemwandikia dada kitu kidogo. Kinatuma swali PubMed, na kwa kila makala kinaonyesha mambo manne kabla ya matokeo: wagonjwa walikuwa nani, nchi gani, wangapi, na walilinganishwa na nini. Nchi nimeiweka juu kabisa, kwa herufi kubwa. Kinafanya kazi hata kwenye simu ndogo yenye mtandao wa kusuasua, nimekijaribu kwenye matatu ya Taveta. Kilichonishinda ni safu ya tano, ya walioachwa nje. Watafiti wa FEAST waliwataja kwenye muhtasari, lakini wengi huwaficha ndani ya makala, na programu yangu inasoma muhtasari tu. Safu hiyo inajazwa kwa mkono. Dada amekubali kujaza makala mbili kila Jumapili akitoka kanisani, na mpaka sasa amefika ya kumi na moja.