Shomoro Niliyempa Jina Lisilo Lake

Huenda wasomaji wakaona ajabu mtu kuandika habari za shomoro, ndege ambaye kila mtu humfukuza penye mtama ulioanikwa. Hata mimi nalimdharau, na dharau hiyo ndiyo iliyoniaibisha.

Muhula huu tulipewa kazi ya kuandika daftari la ndege wa shule yetu hapa Dodoma. Mimi niliyekuwa kiongozi wa kundi nalimwona ndege mwenye kichwa cha kijivu juu ya paa la jiko, nikaandika mara moja: "Shomoro wa majumbani, dume." Kijana mmoja wa kidato cha kwanza akasema, "Kaka, mbona koo lake si jeusi?" Nikamwambia anyamaze, na wenzangu wakamcheka.

Usiku ule sikupata raha. Basi kwa siku nne mfululizo nikawa naamka alfajiri, nakaa chini ya mwarobaini ulio karibu na jiko. Naliona ndege wawili wakipeleka majani makavu katika tundu chini ya upenu. Dume wa shomoro wa majumbani ana koo jeusi, na jike wake hana kichwa cha kijivu. Tena wote wawili wana michirizi mgongoni. Lakini hawa walifanana kabisa: kichwa kijivu, mgongo wa kijivu na hudhurungi usio na michirizi, na alama ndogo nyeupe bawani.

Nikafungua kitabu cha ndege. Kumbe ni shomoro Mswahili, ambaye mtaalamu Mjerumani, Anton Reichenow, alimwita Passer suahelicus mwaka 1904! Hupatikana kusini mwa Kenya na katika Tanzania. Yule wa majumbani ndiye mgeni, aliyeletwa huku na wanadamu. Nalimpa mwenyeji jina la mgeni.

Jumamosi nikasimama mbele ya kundi, nikafuta nililoandika, nikamwomba radhi yule kijana. Jina la haki akaliandika yeye kwa mkono wake mwenyewe. Nimejifunza kwamba kidato cha juu hakimpi mtu macho makali zaidi.

Sasa makinda yanalia upenuni, na wazazi wao wanawaletea wadudu. Tafadhalini, ndugu zangu wa zamu ya usafi, tundu lile msilizibe.