Tulidhani ni Utovu wa Adabu

Ndugu wanafunzi,

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana hapa Jangwani, hodari wa kuhifadhi. Jina lake tunalisitiri. Alianza kukaa nyuma, peke yake. Kisha akawa halali usiku, haogi, na katikati ya darsa hucheka au hujibu maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Sisi walimu tukaona ni utovu wa adabu, tukamchapa. Allah atusamehe.

Baadaye akamwambia mama yake kuwa wauza mitumba wa Kariakoo wanamsema redioni na wanataka kumtilia sumu kwenye chai. Hapo kila mtu akasema ni jini. Tukamsomea ruqya, tukamnywesha kombe, miezi mitatu ikapita.

Mjomba wake ndiye aliyempeleka Muhimbili, ambako kutoka hapa ni mwendo wa miguu tu. Daktari akatueleza kuwa huu ni ugonjwa unaoitwa saikosisi: akili hushindwa kutenganisha kilichopo na kisichokuwepo. Mgonjwa hadanganyi. Sauti anazisikia kweli, ila zinatoka katika ubongo wake mwenyewe. Na lile analoliamini halitikisiki kwa ushahidi. Ukiinywa chai ile mbele yake, atasema wewe umekunywa kinga kwanza. Mara nyingi huanza ujanani, umri wenu huu. Huweza kuletwa na skizofrenia, na bangi, hata kwa mama aliyetoka kujifungua. Ama mwenye homa anayeweweseka, huyo asingoje kesho, kwani malaria ikipanda kichwani huua upesi.

Mama aliuliza kama aache kumsomea. Daktari akasema asome, ila vidonge visikose.

Kilichotuuma ni kwamba kila mwaka tunafundisha katika fiqhi kuwa kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka akili imrudie. Tulimfundisha yeye pia, akiwa ameketi mbele yetu, mgonjwa.

Dawa zilimtuliza baada ya wiki kadhaa. Zilimtetemesha mikono, akaziacha, sauti zikarudi. Akaanza tena kwa kipimo kingine. Sasa anauza viatu na huja kuswali Adhuhuri nasi. Tulimwomba radhi kwa zile fimbo. Akatabasamu, akasema hazikumuuma sana siku zile, maana zile sauti zilikuwa kubwa kuliko sisi.