Mtambo Uliomo Ndani ya Saa ya Pembe Nne

Watu wengi wanunuapo saa ya mkono yenye pembe nne hutazama uso wake tu, wala hawaulizi mtambo uliomo ndani una umbo gani. Mara nyingi ni mtambo mdogo wa mviringo, uliowekwa kama yai katika kibweta, na nafasi iliyobaki juu na chini ni tupu.

Mafundi hodari wa zamani hawakuridhika na jambo hilo. Mtambo wa mviringo hauwezi kuzidi upana wa kasha lake, na magurudumu yote hayana budi kubanana humo. Lakini mtambo ulioundwa mrefu huwekwa kamani upande mmoja na gurudumu la mizani upande wa pili, na kila kimoja hupata nafasi ya kutanuka. Kamani kubwa huiendesha saa kwa muda mrefu zaidi. Mizani kubwa haisumbuliwi upesi na mtikisiko wa mkono. Basi umbo hilo si pambo.

Mwaka 1935 Gruen wa Marekani walitoa saa ya Curvex, ambayo mtambo wenyewe ulipindwa kuufuata mkono. Kazi yenye majivuno kidogo, lakini kazi ya kweli. Kabla ya hapo, mwaka 1929, LeCoultre wa Uswisi waliunda mtambo kama kijiti, urefu wake milimita 14, upana usiofika 5, na uzito karibu gramu moja. Malkia Elizabeth, aliyefiwa na baba yake akiwa hapa Kenya mwezi wa Februari 1952, alivaa saa yenye mtambo huo alipotawazwa mwaka 1953.

Marehemu baba yetu alituachia saa ya pembe nne ya kutia ufunguo. Iliposimama, fundi mmoja alinishauri autupe mtambo na kutia wa betri. Ndugu zangu walikubali mara moja. Ni kweli kwamba tangu saa za betri zilipoenea miaka ya 1970 vipuri vya mitambo hii vimekuwa haba, kwa kuwa kila umbo lina vyake. Hata hivyo, alipofungua mgongo wake niliuona mtambo umelijaza kasha pembe kwa pembe, nikaichukua saa yangu. Fundi mwingine, mzee, asema kilichokatika ni kamani tu, naye anatafuta yenye upana na unene ule ule. Ndugu yangu mdogo huniuliza habari zake kila Jumapili, nami humwambia asubiri.