Ndege wa Matope: Vitwitwi wa Kibera na Kawangware

Watu wengi hudhani ya kuwa vitwitwi na jamaa zao ni ndege wa pwani tu. Sivyo. Hata Nairobi, mji ulio mbali na bahari, wamo, na riziki yao hutoka katika matope ya kando ya maji.

Kusini mwa Kibera liko Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji. Mto Motoine huingia humo ukitoka upande wa Dagoretti. Kawangware nayo imepakana na Mto Nairobi. Penye maji kama hayo, mtu mwenye subira aweza kuwatambua ndege hawa mmoja mmoja.

Mkubwa wao ana rangi nyeusi, nyeupe na kijivu. Waingereza humwita mhunzi, kwa kuwa sauti yake ni kama nyundo igongayo fuawe. Hutaga mayai chini, na ng'ombe au mbwa akikaribia, humrukia kwa ukali. Ndugu yake mwenye kofia nyeusi iliyozungukwa na duara jeupe hapendi matope. Hukaa penye nyasi fupi na kavu.

Yule mdogo mwenye mikanda miwili myeusi kifuani na duara jekundu machoni ni mwenyeji. Hukimbia, husimama ghafula, kisha hudonoa. Lakini yule mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, atikisaye mkia bila kupumzika, ni mgeni. Huzaliana Ulaya na Asia, huja kuanzia mwezi wa Agosti hivi, na kurudi yapata Aprili, safari ya maelfu ya maili.

Wadogo hawa wa majini hula wadudu na minyoo ya matope yaliyo wazi. Matope yakifunikwa, hawana pa kudonoa. Nalo Bwawa la Nairobi limeharibiwa sana na takataka, magugu maji na udongo uliochukuliwa na mito.

Kwa hiyo mkulima alimaye kando ya mto ana sehemu yake katika jambo hili. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilitaka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, upana usiopungua mita 6. Nyasi za ukingo huo huzuia udongo usiporomoke. Naye mkaaji wa mjini asiyetupa taka kijitoni huhifadhi maji ya jirani yake aliye chini, na mgeni atokaye Ulaya hukuta meza yake ingali imeandaliwa.