Pishi Moja ya Maji Mlimani Meru

Mlima Meru una kimo cha mita 4,562, na jiji la Arusha limelala chini yake kwenye mita 1,400 hivi. Atokaye Tanga au Dar es Salaam huiona baridi ya Juni mjini kuwa kali, kumbe hajafika kibanda cha Saddle, mita 3,570, usiku wa pili wa safari ianziayo lango la Momella. Huko maji ya moto ya kuogea huja kwa beseni.

Na beseni hilo lina gharama. Jiko na gesi yake vimepandishwa mgongoni mwa mpagazi. Katika hewa nyepesi ya kimo kile maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 88 hivi, kisha hupoa upesi. Basi ogeni kabla ya Magharibi, wazee mbele, vijana nyuma. Wapo vijana wanaomaliza beseni zima kwa kunawa miguu!

Je, yatatosha? Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi, yaani vibaba vinne, hadi vitano. Pishi, kwa makadirio ya wengi, ni lita mbili na nusu hadi tatu. Beseni la mlimani huzidi hapo.

Kuelekea kileleni watu huondoka usiku wa manane, hivyo Alfajiri itawakuta njiani, penye upepo. Kibaba cha maji vuguvugu ndani ya chupa ya chai kinamtosha mtu mmoja.