Taa Ilizimika, Moteri Ikaendelea Kugonga

Wasomaji wapendwa wa Kamituga, Mwenga na Nyabibwe, ninyi mnaolala na kuamka na sauti ya pampu na konkaseri, mnajua kwamba moteri inasema. Mimi nilikuwa na gari iliyosema, nikaiziba kinywa. Nawaelezea jinsi ilivyokuwa, maana hapa Bukavu naona vijana wengi wanafanyiwa vile vile, na wengine wanaomba wenyewe kama nilivyoomba mimi.

Gari ni Subaru Forester ya 2004, ya turbo, usukani kuume. Tuliinunua mwaka 2013 na mdogo wangu anayefanya biashara Kamituga. Yeye alitoa sehemu kubwa ya feza. Mimi nilitoa kidogo, pamoja na kazi ya kuitunza. Ilishuka melini Dar es Salaam, ikapita Rwanda, ikavuka Ruzizi. Kwetu hapa tuko juu sana, karibu meta 1,500, hewa ni nyepesi na moteri za kawaida zinahema kwenye mlima. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka. Inasukuma hewa nyingi kwa nguvu ndani ya silinda. Ndiyo faida yake, na taabu yake iko papo hapo: hewa iliyofinywa inapata joto, na esanse dhaifu ikiingia ndani ya joto lile haingojei zamu yake.

Mwaka 2018 taa ya moteri ikawaka. Gari ikapoteza nguvu, ikanywa esanse kuliko zamani. Nikaipeleka kwa fundi mmoja muzee wa Kadutu. Akachomeka kamashine kake chini ya usukani, akasoma: P0325.

«Hii ni kapteri ya kugonga», akasema.

«Kumbe moteri inagonga?»

«Hapana, baba. Sikia vizuri.»

Akanieleza kwa uvumilivu, na natamani kila mwenye gari aelezwe hivyo. Ndani ya silinda, buji inatoa cheche, na moto unapaswa kuenea polepole kutoka pale kwenye cheche. Ikiwa joto limezidi au esanse ni mbaya, ile iliyobaki pembeni inalipuka yote kwa mara moja na kupiga pistoni kama nyundo. Ndiko kugonga. Kapteri ni sikio lililofungwa kwa bulo moja juu ya moteri. Ndani yake mna jiwe dogo linalotoa umeme likitikiswa, na kwa moteri kama hii linasikiliza mtikiso wa mara 6,000 hivi kwa sekunde. Likisikia, kalkilateri inachelewesha cheche, na kugonga kunaisha. Mara nyingi kazi hiyo inafanyika bila taa yoyote kuwaka.

Basi P0325 haisemi moteri inagonga. Inasema sikio lenyewe, au waya wake, ni mgonjwa. P0327 inasema sauti yake ni ndogo kupita kiasi, P0328 kubwa kupita kiasi. Kalkilateri ikikosa kuliamini sikio, inachelewesha cheche wakati wote kwa kuogopa. Ndiyo maana gari inakuwa nzito. Fundi akaangalia kwanza waya na plagi, kama kuna kutu au panya amekula. Akaangalia bulo, maana likikazwa sana au likilegea sikio linasikia vibaya. Mwishowe akapima kapteri yenyewe: imepasuka. Mpya ya kweli, ya kuagiza Kampala, dola 65.

Mdogo wangu akatuma dola 65 bila kuuliza.

Ilikuwa Septemba. Wazazi mnajua Septemba. Binti yetu wa pili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, na mama watoto alikuwa ananiangalia tu bila kusema. Kando ya barabara kijana mmoja aliniambia: «Papa, unatafuta kapteri ya nini? Miye naweka karezistansi ka dola tano, taa inazimika.» Karezistansi ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kenye mikia miwili. Kapteri ile ikipimwa inaonyesha omu nusu milioni na kidogo. Ukiweka rezistansi ya kiasi hicho, kalkilateri inaona namba inayoijua na inatulia. Inafikiri ina sikio. Iko kiziwi.

Nikalipa dola tano. Sitini zikaenda shuleni. Mdogo wangu nilimwambia: «Kapteri imefika, mambo ni sawa.»

Na kweli, gari ilikimbia kuliko mbele! Nguvu zilirudi, kwa sababu kalkilateri haikuogopa tena. Nilifurahi kama mtu aliyemdanganya shetani.

Machi 2019 mdogo wangu alichukua gari kwenda uwanda wa Ruzizi kununua mchele wa Luvungi. Kwenye kurudi, pale Kamanyola, alinunua esanse ya chupa kwa wale vijana tunaowaita Kadhafi. Sisemi wote ni wadanganyi, lakini ile ilikuwa imechanganywa na petroli ya taa. Huko Japani gari ya namna hii inanyweshwa esanse ya oktani karibu 100. Petroli ya taa iko chini, chini kabisa. Ongeza mizigo, ongeza mteremko wa Ngomo ambao kwa mtu anayerudi Bukavu ni kupanda tu, turbo ikisukuma hadi mwisho. Alisikia sauti kama mawe madogo yakitikiswa ndani ya mkebe. Angeinua mguu, angerudisha vitesi, sauti ingepungua. Hata mimi nilikuwa sijui hilo, na hakuna aliyemfundisha. Alikanyaga zaidi ili afike. Alifika Nyangezi akitoa moshi wa bluu.

Muzee wa Kadutu akapima mkandamizo. Silinda tatu zilitoa kilo kama 10, ya nne ilitoa 4. Akafungua moteri: pistoni ya nne, ule ukingo mwembamba kati ya segma na segma, umekatika.

Mdogo wangu alikaa kwenye benchi la garaji, mikono kichwani. «Ni miye, yaya. Nilipenda esanse ya bei chini. Nimeua gari yetu.» Nikamwambia, pole, mdogo wangu, ni mambo ya dunia. Ndiyo maneno yangu. Akarudi Kamituga na kuanza kutafuta feza za kulipa peke yake.

Siku ya nane fundi aliniita. Hakuongea. Alifungua kiganja, na ndani yake mlikuwa karezistansi kamezungushiwa skochi nyeusi. Halafu akasema: «Esanse mbaya inagongesha. Lakini sikio lingekuwepo, cheche ingerudi nyuma. Pengine pistoni ingepona. Weye ulijua?»

Nilijua. Usiku ule nilimweleza mama watoto kwanza, kwa sababu naye alikuwa hajui ile minervali ilitoka wapi. Akasema: «Kesho ni soko, magari ya Kamituga yako mengi. Enda umwambie uso kwa uso.»

Safari ilichukua siku mbili kwa ile barabara ya matope. Nilimkuta mbele ya mizani yake. Nilimweleza yote, hata zile dola tano. Alinyamaza, akamaliza kumpimia mteja. Kisha akauliza: «Na mtoto, alifaulu?» Nikasema alifaulu. Hakuniambia kitu kingine siku ile, wala hakunipa mkono asubuhi yake nilipoondoka.

Tulinunua moteri nyingine iliyotumika. Niliilipa mimi, kwa miezi kumi na nne, na kapteri mpya juu yake. Tangu hapo, kila kitu kinachobadilishwa kwenye gari ile, iwe buji, waya au mpira wa turbo, nakitia kile kikuukuu ndani ya mfuko na kumpa dereva anayekwenda Kamituga amfikishie. Mdogo wangu hajaniomba kufanya hivyo, na hajaniambia niache.